Apolo Kivebulaya, mgeni aliyefanyika ndugu

Leo tumkumbuke Kanoni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyehubiri Injili kule Mboga, yaani Boga ya Ituri, nchini kwetu Kongo.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akaitwa Waswa. Ujanani alikuwa askari, akafuata Uislamu kwa muda. Kisha alimwamini Kristo, akabatizwa mwaka 1895 kwa jina la Apolo.

Mwaka uliofuata alifika Mboga. Mtawala Tabaro alimkataa. Apolo akapigwa, nyumba yake ikachomwa. Dada yake Tabaro alipoangukia mkuki na kufa, Apolo alisingiziwa, akapelekwa Toro akiwa amefungwa minyororo. Alipoachiliwa, alirudi kwa watu wale wale. Tabaro mwenyewe akaokoka, akabatizwa Paulo.

Baadaye Apolo aliwaendea Wambuti msituni, watu waliodharauliwa na jirani zao. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933, akiwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha.

Wapendwa, sisi hapa Muyinga twajulikana kwa kadi ya mgao, na wengine bado twaulizana kabila. Apolo alikuwa mgeni kwetu kama sisi tulivyo wageni hapa. Alijua yeye ni wa Kristo, kwa hiyo hakungoja kupendwa ndipo apende. Basi, jirani aliyetukosea kwenye foleni ya maji, tumwendee sisi kwanza.

Mungu awabariki.