James Kirkman na vigae vilivyomsahihisha

Mtoto wa Diani au Msambweni akipelekwa ziara ya shule Mombasa, huvuka feri ya Likoni na kuishia Fort Jesus. Hukimbilia mizinga, akapita haraka makabati ya vigae, shanga na sahani za Kichina. Aliyeanzisha makumbusho hayo ni James Kirkman, Mwingereza aliyezaliwa 1906 na kufariki 1989. Sisi wa Kwale tuna sababu ya kumjua.

Alifika Gede, karibu na Watamu, mwaka 1948, akiwa msimamizi wa kwanza wa magofu yale. Msitu ulikuwa umefunika misikiti, kasri na nyumba za mawe. Wareno walikaa miaka mingi Malindi, jirani tu, lakini maandishi yao hayautaji mji huo. Basi Kirkman akaviuliza vitu vyenyewe.

Alichimba tabaka kwa tabaka. Kaburi moja lilichongwa mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, na huo ukawa mwaka wa kuanzia hesabu. Sahani za Kichina zinajulikana ni za enzi gani, kwa hiyo kipande kilichopatikana chini ya sakafu kilimwonyesha umri wa jengo. Kigae kimoja kikawa somo la sanaa kwa nakshi yake, la sayansi kwa udongo na moto uliokichoma, na la biashara kwa safari iliyokifikisha Gede. Hata nyumba zilipewa majina ya vilivyopatikana ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Kijisanduku cha Pembe.

Fort Jesus ilikuwa jela hadi 1958. Kirkman aliichimba na kuikarabati kwa msaada wa Wakfu wa Gulbenkian, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Aliyasimamia hadi 1972.

Lakini alikosea jambo kubwa. Kitabu chake cha 1954 kiliuita Gede mji wa Kiarabu, kana kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu. Hata hivyo, hakutupa vigae vya vyungu vya kienyeji, ambavyo ndivyo vingi zaidi. Alivihifadhi na kuvieleza. Wataalamu waliomfuata, wakiwemo Wakenya, walivitazama upya wakaona mji wa Waswahili, wenye mizizi papa hapa.

Na hapo Kwale inaingia. Katika miaka ya 1960, Robert Soper alichimbua huku kwetu vyungu vya wakulima waliojua kufua chuma, vya karne za mwanzo za Miladia, mamia ya miaka kabla ya Gede kujengwa. Vyungu vya aina hiyo vilivyopatikana hadi Tanzania huitwa kwa jina la Kwale. Watoto wetu wangapi wanalijua hilo?

Leo ploti zinachimbwa kila siku kutoka Ukunda hadi Lungalunga. Mwalimu, mwanafunzi akikuletea kigae, usikitupe. Andika kilipookotwa, kisha uwaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa, kama sheria ya 2006 inavyotaka. Kirkman angekuwa amevitupa vile vyungu vya kienyeji, mpaka leo tungekuwa tunabishana naye bila ushahidi mkononi.