Jim Thorpe: Nyota aliyepokonywa dhahabu, akarudishiwa akiwa kaburini

MIONGONI mwa wanaspoti waliovuma Marekani katika karne ya 20, ni wachache mno waliofikia kimo cha Jim Thorpe, na wachache zaidi walioonja dhuluma aliyoonja.

Thorpe, wa kabila la Sac na Fox miongoni mwa wenyeji asilia wa Amerika, alizaliwa katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Pacha wake, Charlie, alifariki wangali watoto, na kabla hajawa mtu mzima wazazi wake wote wawili walikuwa wamemtoka.

Alisomea Carlisle, Pennsylvania, shule iliyoanzishwa ili kuwaachisha vijana wa makabila hayo lugha na desturi zao. Husimuliwa kwamba mnamo 1907 aliwashinda warukaji wa shule hiyo akiwa amevaa nguo za kazi. Kocha Pop Warner alimtia katika timu ya riadha, kisha katika kandanda ya Kimarekani, ichezwayo kwa mpira wenye umbo la yai. Kazi yake ilikuwa kuukumbatia mpira na kupenya ukuta wa mabeki kwa mbio. Mnamo 1911 Carlisle ilipoilaza Harvard 18-15, Thorpe alifunga mikwaju minne.

Katika Olimpiki za Stockholm za 1912, alinyakua dhahabu mbili: ya pentathloni na ya dekathloni. Katika dekathloni alizoa pointi 8,412, akimpiku Hugo Wieslander wa Uswidi kwa takriban pointi 700.

Furaha hiyo haikudumu. Januari 1913 gazeti moja lilifichua kwamba alikuwa amelipwa kucheza besiboli North Carolina mnamo 1909 na 1910, ilhali Olimpiki zilikuwa za wanaspoti wa ridhaa pekee. Wanafunzi wengi walifanya hivyo kwa majina ya bandia; yeye alitumia lake. Kanuni zilitaka malalamishi yawasilishwe katika muda wa siku 30. Miezi ilikuwa imepita, lakini medali zilichukuliwa.

Hakukata tamaa. Mnamo 1915 alijiunga na Canton Bulldogs kwa dola 250 kila mechi. Ligi ya kulipwa ilipoundwa 1920, alichaguliwa rais wake wa kwanza huku angali anacheza. Ligi hiyo ndiyo iliyoitwa NFL kuanzia 1922. Alistaafu 1928, kisha akahangaika na vibarua na nafasi ndogo ndogo katika filamu. Alifariki Machi 28, 1953, akiwa fukara.

Mnamo 1982 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimrudishia heshima yake, na Januari 1983 wanawe wakakabidhiwa medali. Hata hivyo, aliorodheshwa kuwa mshindi mwenza. Ilibidi kusubiri hadi Julai 2022 ndipo akatangazwa mshindi wa pekee wa mashindano yote mawili, miaka 69 baada ya kufariki.