Arnold Theiler: Daktari wa Mifugo wa Mkono Mmoja



Kila mwaka kijarida chetu cha harambee hutenga nafasi kwa maisha ya mtu aliyetangulia, ambaye kazi yake ina la kutufundisha. Mwaka huu sehemu ya mchango wetu itawasomesha vijana wa nyumbani wanaotaka kuwa madaktari wa mifugo. Kwa sababu hiyo tumemchagua Arnold Theiler. Hakuwa mtu wa kwetu, wala hakuzaliwa Afrika. Lakini vijidudu vinavyoleta ndigana kali, ugonjwa unaotumalizia ndama, vinaitwa Theileria kwa kumbukumbu yake.

Theiler alizaliwa tarehe 26 Machi 1867 huko Frick, Uswisi, akiwa mtoto wa mwalimu wa shule. Alisomea udaktari wa mifugo katika miji ya Bern na Zurich, akahitimu mwaka 1889. Mwaka 1891 alifika Pretoria, Afrika Kusini, kutafuta maisha. Alikuwa na cheti, lakini hakuwa na fedha wala mtu wa kumshika mkono. Akakubali kibarua kwenye shamba moja kubwa la Irene, karibu na mji huo. Muda si mrefu, mashine ya kukatia majani ya mifugo ilimnasa, akapoteza mkono wake wa kushoto.

Tunaofuga tunajua kazi hii inavyodai mikono miwili. Kumkamata dume, kumshika ng'ombe anayezaa kwa shida, kupasua na kushona, vyote vinataka nguvu na mikono. Wengi wangerudi kwao. Theiler alibaki. Alifungua huduma yake mjini Pretoria, ingawa wateja walikuwa haba, na jioni aliendelea na darubini yake.

Nafasi ilimjia kwa njia ambayo hakuitarajia. Mwaka 1893 ndui ilizuka katika eneo la migodi ya dhahabu ya Johannesburg. Theiler alijua kutengeneza chanjo kwa kutumia ndama, akaitengeneza, na kazi hiyo ikamjengea jina. Sotoka ilipofika kusini mwaka 1896, baada ya kuwafilisi wafugaji wa Afrika Mashariki miaka michache kabla, serikali ya Transvaal ilimwajiri. Pamoja na mwenzake Herbert Watkins-Pitchford, alifanya majaribio ya kutumia damu ya ng'ombe waliopona kuwakinga walio wazima. Hata hivyo ng'ombe walikufa kwa mamia ya maelfu, na familia nyingi za Waafrika zilibaki bila hata mmoja.

Hapo ndipo historia yake inapokutana na yetu. Baada ya sotoka na vita vya Waingereza na Makaburu, kusini kulikuwa na upungufu mkubwa wa ng'ombe, na wengine waliletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Wakaja na kupe wao. Mwaka 1902 ugonjwa mpya ulionekana Transvaal: matezi yanavimba chini ya masikio, homa inapanda, pumzi inakuwa nzito, na mnyama anakufa. Mtaalamu maarufu wa Ujerumani, Robert Koch, alikuwa ameviona vijidudu hivyo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, akavichukulia kuwa vya ugonjwa mwingine uliokuwa ukijulikana tayari. Theiler ndiye aliyeonyesha kwamba huo ni ugonjwa wa peke yake, na mwaka 1904 akakipa kijidudu chake jina la kisayansi. Yeye na Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu, walithibitisha kwamba unaenezwa na kupe wa masikio wa rangi ya kahawia. Ukishajua kwamba adui ni kupe, unajua kwa nini ng'ombe huogeshwa na kwa nini josho bovu ni hasara ya kijiji kizima. Afrika Kusini ilifanikiwa kuumaliza ugonjwa huo katika miaka ya 1950. Sisi bado tunao.

Mwaka 1908 maabara yake ilihamia Onderstepoort, nje ya Pretoria. Huko aligundua pia chanzo cha ugonjwa uliokuwa ukipoozesha ng'ombe: malisho yalikosa fosforasi, ng'ombe wakawa wanatafuna mifupa ya mizoga, na sumu iliyokuwa kwenye mizoga ikawaua. Dawa ikawa kuwapa unga wa mifupa uliotengenezwa vizuri.

Lakini kazi yake iliyodumu zaidi ni shule. Hadi wakati huo, kijana wa Afrika Kusini aliyetaka kuwa daktari wa mifugo alilazimika kwenda Ulaya, na wengi hawakuwa na uwezo huo. Theiler alishikilia kwamba magonjwa ya Afrika yafundishwe Afrika, kando ya wanyama wanaoyaugua. Mwaka 1920 kitivo cha udaktari wa mifugo kilianzishwa Onderstepoort, yeye akiwa mkuu wake wa kwanza, na wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1924.

Tuseme ukweli wote: katika uhai wake mlango wa chuo hicho haukuwa wazi kwa vijana weusi. Watoto wa wafugaji walioshika kamba, wakabeba maji na kuwachunga ng'ombe wa majaribio hawakupewa nafasi ya kukaa darasani.

Theiler alistaafu mwaka 1927, akafariki London tarehe 24 Julai 1936. Binti yake Gertrud alikuja kuwa bingwa wa elimu ya kupe. Mwanawe Max, aliyezaliwa Pretoria, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa kazi yake juu ya homa ya manjano.

Ndugu zetu, leo mlango uko wazi. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kinafundisha udaktari wa mifugo, na chanjo ya ndigana kali, iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya, ipo. Kinachokosekana kwetu ni mtu wa kuileta hadi zizini, anayejua lugha ya wazee na njia za malisho. Vijana wenye nia tunao. Kinachowazuia ni ada, vitabu na nauli. Theiler aliipoteza nusu ya mikono yake na bado akaifanya kazi. Vijana wetu wana mikono yote miwili. Tuwaongezee na yetu.

Karibuni tuchange.