Joseph Petzval na Askari wa Mizinga: Asili ya Lenzi ya Vioo Vingi

Wanajeshi na polisi wengi hutumia kamera na darubini katika kazi zao, lakini ni wachache waliopata kulisikia jina la Joseph Petzval. Leo twapenda kusimulia maisha ya mtaalamu huyo kwa sababu mbili. Kwanza, yeye ndiye aliyeibuni kwa hesabu lenzi ya kamera yenye vioo kadhaa, badala ya kubahatisha kama walivyofanya mafundi waliomtangulia. Pili, kazi hiyo hakuifanya peke yake, bali alisaidiwa na askari.

Petzval alizaliwa tarehe 6 Januari 1807 katika mji mdogo wa Spišská Belá, uliokuwa wakati huo sehemu ya Hungaria na ambao sasa umo nchini Slovakia. Baba yake alikuwa mwalimu. Kijana huyo alisomea uhandisi mjini Pest, akautumikia mji huo kama mhandisi, na mwaka 1837 akaitwa Vienna kuwa profesa wa hisabati. Alisifika pia kwa ustadi wa kupigana kwa kitara.

Mwaka 1839 habari zilienea kutoka Paris kwamba Mfaransa Daguerre amefaulu kunasa picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Ulimwengu ulistaajabu, lakini upungufu ulionekana upesi. Lenzi ya kamera hiyo ilipitisha mwanga kidogo mno, hata mtu aliyetaka kupigwa picha akalazimika kukaa juani kwa dakika nyingi bila kutikisika.

KIOO KIMOJA HAKITOSHI

Msomaji aweza kuuliza kwa nini lenzi isiwe kioo kimoja kikubwa. Natutoe mfano wa hapa Gisenyi. Usiku, wavuvi wa sambaza huwasha taa zao juu ya Ziwa Kivu, na kwa mbali mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, huonyesha wekundu wa moto wake nyakati ambazo volkano inachemka. Tuseme mtu asimama ufukweni na kamera yenye kioo kimoja kilichobinuka.

Kosa la kwanza litakuwa la rangi. Kioo huupinda mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, kwa hiyo rangi hizo hazikutani mahali pamoja, na kila taa ya mvuvi itazungukwa na ukingo wa rangi. Kosa la pili ni kwamba miale ipitayo kandokando ya kioo hupindwa zaidi kuliko ile ipitayo katikati, na picha nzima huingia ukungu. Kosa la tatu ni la taa zilizo pembeni mwa picha: badala ya kuwa nukta, zitavutika na kuota mkia kama kimondo. Kosa la nne ni kwamba kioo hicho huchora picha yake juu ya uso uliopinda kama bakuli, ilhali bamba la kamera ni bapa. Ukiiweka sawa katikati, kingo zinapotea. Ukizirekebisha kingo, katikati panapotea.

Dawa rahisi ni kuziba kioo na kuacha tundu dogo. Makosa hupungua, lakini mwanga nao hupungua, na hilo ndilo lililowatesa watu wa mwaka 1839.

Dawa ya kweli ni kukipinga kioo kwa kioo. Tangu mwaka 1758 John Dollond wa London alikuwa na hati ya haki ya kuunganisha lenzi mbinuko ya kioo cha kawaida na lenzi mbonyeo ya kioo kizito chenye madini ya risasi. Rangi zilizotawanywa na kioo kimoja zilikusanywa na kingine. Lakini hilo ni kosa moja tu. Kila kosa lingine lahitaji mpindo mwingine wa kulipinga, na kila mpindo mpya huleta makosa yake.

HESABU ZA MIZINGA

Hapo ndipo Petzval alipoingia. Ilimpasa kufuata njia ya kila mwale kupitia kila uso wa kioo, kwa kalamu na majedwali ya hesabu, kisha kubadili mpindo kidogo na kuanza upya. Mwanamfalme Ludwig, aliyesimamia idara ya mizinga ya Austria, alimpa kikundi cha askari hodari wa hesabu. Watu hao walikuwa wamezoea kukokotoa mwendo wa risasi za mizinga. Sasa wakakokotoa mwendo wa mwanga.

Mwaka 1840 lenzi ilikuwa tayari, nayo ilitengenezwa na fundi Voigtländer wa Vienna. Ilikuwa na vioo vinne, na ilipitisha mwanga zaidi ya mara 10 kuliko lenzi ya Daguerre. Dakika nyingi za kukaa juani ziligeuka kuwa chini ya dakika moja. Kingo zake zilibaki na ukungu, lakini uso wa mtu katikati ulionekana wazi, na kwa picha za watu lenzi hiyo ilitawala kwa miongo kadhaa.

Petzval alilipwa guldeni 2,000 mara moja, basi. Voigtländer aliuza maelfu ya lenzi, na jina lililochorwa juu ya chuma chake lilikuwa la Voigtländer. Wawili hao waligombana. Mwaka 1859 wezi walivunja nyumba ya Petzval, na miswada ya kitabu chake kikubwa cha elimu ya mwanga ikaharibiwa. Alistaafu mwaka 1877, akafariki Vienna mwezi Septemba 1891 akiwa na miaka 84, mpweke na karibu kusahauliwa.

Vioo vingi navyo vina gharama. Kila uso wa kioo mtupu hurudisha nyuma kama asilimia 4 ya mwanga. Vioo sita vilivyotengana vina nyuso 12, na mwanga ufikao mwisho ni kama asilimia 61 tu. Mwaka 1935 Smakula, wa kampuni ya Zeiss, alivumbua utando mwembamba wa kupunguza hasara hiyo. Kwa sababu hiyo lenzi za leo zaweza kuwa na vioo 15 au zaidi.

Askari aliyekabidhiwa kamera au darubini na ajue basi kwamba vioo vilivyomo vimepangwa kwa vipimo vidogo kuliko unene wa unywele. Akiiangusha au kuifungua kwa bisibisi, vioo vilivyokuwa vikirekebishana vitaanza kuharibiana. Na aiifutapo vumbi kwa kitambaa safi, awakumbuke wale askari wa mizinga walioketi mezani Vienna wakihesabu, bila jina lao hata moja kuchorwa juu ya lenzi.