Maisha ya Daktari Robert Koch

Kwetu ni Lutindi, Wilaya ya Korogwe. Likizo iliyopita nilimwomba mama kiazi ulaya kilichochemshwa, nikakikata vipande viwili, nikaviacha mezani. Mama aliniuliza kama shuleni twafundishwa kuchezea chakula. Baada ya siku chache viliota madoa, mengine meupe, mengine ya manjano. Ndipo nilipomsimulia habari za Daktari Robert Koch, nami nawasimulieni ninyi pia, wasomaji wapenzi.

Daktari Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mjini Clausthal, Ujerumani. Alipokuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein hakuwa na maabara. Alitenga sehemu ya chumba chake cha kutibia wagonjwa, akaweka hadubini yake hapo. Badala ya sindano alichonga vijiti vyembamba, akavichovya katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta, akawachoma navyo panya. Vijidudu alivikuza katika majimaji ya jicho la ng'ombe. Kwa vifaa hivyo, mwaka 1876, alithibitisha kwamba kimeta huletwa na kijidudu chake maalumu.

Baadaye aliona madoa juu ya kiazi kilichochemshwa, akatambua kwamba kila doa ni vijidudu vya namna moja. Hivyo akapata njia ya kuvitenga. Mwaka 1882 alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Bibi Fanny Hesse, aliyekuwa akipikia agari itokanayo na mwani, alishauri itumike maabara, na mwaka 1887 Bwana Petri, msaidizi wa Koch, akaeleza kisahani chake chenye kifuniko. Hata leo watafutao dawa huotesha vijidudu katika visahani hivyo, kisha huweka dawa: ikifaa, vijidudu havioti kando yake.

Lakini Daktari Koch alikosea pia. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, nayo haikuponya. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, kuwajaribia wagonjwa wa malale dawa iitwayo atoksili. Alipozidisha kipimo, baadhi yao walipofuka. Alifariki tarehe 27 Mei 1910.

Mama aliposikia habari ya wale waliopofuka aliacha kupepeta mchele. Alisema kiazi kikiharibika hutupwa, lakini jicho la mtu halina badala.

Wenzangu, katika darasa letu hadubini ni moja nasi tu wengi. Nilikuwa nikisema kwamba hatuwezi kujifunza kitu mpaka ziletwe nyingine. Sasa nimeacha kusema hivyo. Na atakayekuwa daktari miongoni mwetu, aanze na vitu vidogo kama Koch alivyoanza, ila afikapo kwa mgonjwa asiwe na haraka kama yeye.