Al-Kindi, Mfumbuzi wa Barua za Siri

Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu wasomaji maisha ya Abu Yusuf Yaaqub bin Is-haq al-Kindi, aliyeitwa Mwanafalsafa wa Waarabu. Wengi wamjua kwa falsafa yake. Wachache wajua kuwa yeye ndiye aliyeandika ufunguo mkubwa wa kazi ya ujasusi. Wala hatukusudii kuchungulia aibu za jirani, jambo ambalo dini yetu imelikataza, bali ulinzi wa dola na kujua siri za adui.

Al-Kindi alizaliwa Kufa, katika Iraq, karibu na mwaka 801, na babake alikuwa liwali wa mji huo. Alisoma Basra na Baghdad, akakurubishwa na Khalifa al-Ma'mun, kisha al-Mu'tasim akamfanya mwalimu wa mwanawe Ahmad. Alitunga vitabu zaidi ya 200 katika hesabu, utabibu, nyota na elimu nyinginezo.

Zama hizo mkuu wa barid, yaani posta ya Khalifa, hakuwa mpeleka barua tu. Alikuwa pia jicho la Khalifa, akimwandikia khabari za maliwali na makadhi. Khabari kama hizo zataka kufichwa, na za adui zataka kufichuliwa. Watu walificha barua kwa kubadili kila herufi kwa herufi nyingine au kwa alama, wakaona hapana awezaye kuisoma ila mwenye ufunguo.

Al-Kindi akaandika risala ya kufumbua mafumbo hayo. Alisema tuchukue maandishi marefu ya lugha ile ile, tuhesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Yeye mwenyewe katika herufi 3,667 alipata alifu 600 na lamu 437, na zilizobaki chini yake. Kisha tuhesabu alama za barua ya siri. Alama iliyozidi zote yaelekea kuwa alifu, ya pili yake yaelekea kuwa lamu, na hivyo hivyo mpaka maneno yaanze kujitokeza. Barua ikiwa fupi mno hesabu haisimami. Ndipo alipotaka pia mtu ajue herufi zinazokubali kufuatana na zisizokubali, na maneno yaliyozoeleka kufungulia barua. Vyombo vyake vyote vilikuwa kalamu, karatasi, hesabu na kuijua lugha barabara.

Asidhani mtu kuwa jambo hili ni mchezo. Mary, aliyekuwa Malkia wa Scotland, alizitegemea hati zake za siri. Mwaka 1586 watu wa Malkia Elizabeth wa Uingereza wakazifumbua, zikawa ushahidi juu yake, na mwaka 1587 akakatwa kichwa.

Al-Kindi naye hakusalimika na fitina. Katika siku za al-Mutawakkil, wana wa Musa, nao ni wanavyuoni wa hesabu kama yeye, walimchongea. Akapigwa, na vitabu vyake vikachukuliwa. Baadaye wana hao wakaingia taabuni kwa sababu ya mfereji wa Khalifa uliokosewa kuchimbwa, wakamwendea Sanad bin Ali awaokoe. Sanad, ijapokuwa hakuwa rafiki wa al-Kindi, alikataa mpaka wamrudishie mwenyewe vitabu vyake. Al-Kindi akafa Baghdad karibu na mwaka 873.

Risala yake ikalala katika maktaba ya Istanbul, hata wanavyuoni wa Damaski wakaichapisha mwaka 1987, baada ya miaka zaidi ya 1,000. Hapa ndipo twaona aibu yetu. Barua iliyofungwa kwa fumbo, al-Kindi alituonyesha njia ya kuifungua. Lakini kitabu kisichofunguliwa na mtu hakina hesabu ya kukisomesha. Na majumbani mwetu mwambao huu mna makasha yenye hati za wazee wetu. Basi na tuyafungue na kuzisoma kabla mchwa hawajatutangulia. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.