Hertha Ayrton, mama aliyepima moto wa umeme

Wandugu wafanyakazi, leo tuangalie maisha ya mama mumoja ambaye kazi yake ingali inasaidia kulinda mafundi wa umeme, hata wale ambao hawajasikia jina lake.

Alizaliwa mwaka 1854 kule Portsea, Uingereza, akaitwa Sarah Marks. Jina la Hertha lilikuja akiwa kijana. Baba yake, Muyahudi aliyetoka Poland, alikuwa fundi wa saa. Alikufa mu 1861, na mama akalisha watoto kwa kushona nguo. Hata vile, Hertha alifika Cambridge kusoma hesabu, lakini wakati ule chuo hakikuwapa wanawake diploma. Mu 1885 akaolewa na profesa William Ayrton.

Siku zile taa kubwa za barabara ziliwaka kwa moto unaoruka katikati ya vijiti viwili vya kaboni. Moto ule ulikuwa unalia na kuchezacheza, na mainjinia hawakujua sababu. Hertha akapima, akapima tena, akaona kama ni oksijeni ya hewa inayoingia mu shimo la kijiti. Mu 1899 akasoma kazi yake mbele ya mainjinia wa umeme wa London, mwanamke wa kwanza kufanya vile, na wakamupokea kuwa mumoja wao. Mu 1902 akatoa kitabu, The Electric Arc. Mwaka uleule Royal Society ikakataa kumupokea, kwa sababu ni mwanamke aliyeolewa. Mu 1906 ikamupa medali ya Hughes. Alikufa mu 1923.

Sasa, hii inatuhusu nini? Hertha alionyesha kama nguvu ya moto ule inapimwa kwa hesabu: volti, ampere, na urefu wa nafasi unaoruka. Umeme unaobadilika wa 50 Hz unapita ku sifuri mara 100 kwa sekunde, na moto unaweza kuzimika pale. Umeme wa upande mumoja haupiti ku sifuri. Moto ukishashika, unaendelea paka ukatwe. Ni umeme wa namna hiyo unaofanya kazi mu elektrolizi ya shaba, mu betri za locomotive, na mu laini ya Inga-Kolwezi.

Njo maana mbele ya fundi kufungua sanduku, lazima kujua: volti ngapi? Ampere ngapi waya zikigusana? Kifaa cha kukata kinachukua muda gani? Fundi anasimama mbali kiasi gani? Majibu ndiyo yanaonyesha nguo gani avae, ao kama umeme ukatwe kwanza. Na kukata kwanza ndiyo njia nzuri kupita zote.

Delege wa sendika, mu kikao kinachokuja na wakubwa, ombeni karatasi ya hesabu hizo. Ikikosekana, kazi ingoje. Mama Hertha alishapima. Sisi tusikubali kukisia.